Bonasi Imeingia: Je, Safari Tunaipanga Wawili?



Mwezi wa Oktoba unapokaribia, nyumba nyingi za huku Nyamira huanza kuhesabu vidole. Mkulima wa chai anayepeleka majani kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA hulipwa fedha kidogo kila mwezi kulingana na kilo alizochuma. Mwaka wa chai hufungwa mwezi wa Juni, na baada ya hapo hungojea malipo ya mwisho, yaani bonasi, ambayo kwa kawaida hufika mnamo Oktoba. Simama stejini Ikonge siku hizo, uone akina baba waliovaa makoti yao ya Jumapili wakiingia matatu za kwenda Kisii na Kericho. Wengine wanakwenda kulipa madeni. Wengine wanakwenda kununua mabati. Na wengine, tuseme ukweli, wanakwenda tu, na mama wa nyumbani hupata habari ya walikokuwa wakati fedha zimekwisha.

Somo letu safari hii ni safari yenyewe: jinsi mume na mke wanavyoweza kupanga kutoka nyumbani pamoja na watoto wao, na jinsi wanavyoweza kugawana yale waliyoyaona. Huenda msomaji mmoja akasema kwamba hayo ni mambo ya watu wenye magari na mishahara, na kwamba sisi wakulima twasafiri kwenda arusi na mazishi tu. Hapo hasa ndipo tunapotaka kuanzia. Mtoto ambaye kila akipandishwa gari ni kwa ajili ya matanga, atakua akidhani kwamba barabara ni ya kuendea kilio.

Tuchukue mfano wa nyumba moja, na yeyote atakayejiona humo asituulize ni nani aliyetuambia. Baba ni mfanyabiashara wa ndizi. Hununua mikungu kwa majirani, huipakia kwenye lori na kusindikiza mzigo hadi Nakuru au Nairobi mara mbili kwa mwezi. Mama huchuma chai, hukamua ng'ombe na kulea watoto wanne. Walifunga ndoa kanisani miaka kumi na mitano iliyopita. Baba anazijua hoteli zote za njiani, anajua wapi chai ni nzito na wapi nyama ni ya juzi. Mama hajavuka Kericho. Jioni moja mama akasema kwamba angependa waende wote kuhiji Subukia. Baba akajibu, bila ubaya wowote, "Huko ni mbali, na mimi barabara ile nimeichoka." Mama akanyamaza, akaendelea kupakua ugali. Hakuna aliyegomba. Lakini kwa miezi mingi baada ya hapo, kila baba aliporudi kutoka safarini na kuanza kusimulia, mama alikumbuka kwamba kuna kazi jikoni.

Angalieni jibu lile. Baba hakusema kwamba fedha hazipo, wala hakusema kwamba safari ni upuuzi. Alipima haja ya mkewe kwa uchovu wake yeye. Barabara iliyokuwa kazi kwake ilikuwa kwa mkewe jambo alilolitamani tangu siku ya arusi, na hakuona tofauti hiyo kwa sababu hakuuliza. Swali moja tu, "Ungependa kuona nini huko?", lingalitosha kufungua mazungumzo ya usiku mzima.

Akina mama nao wasicheke. Wapo wanaopanga kwenda kuhiji pamoja na chama cha wanawake parokiani, wakalipa kidogo kidogo kutoka kwa fedha za maziwa, na baba akapata habari siku sare zinaposhonwa. Nia ilikuwa njema, safari ilikuwa takatifu, lakini ilitoka nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mume aliyefichwa hija atajiuliza ni nini kingine alichofichwa.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 uitwao Amoris Laetitia, alikumbusha kwamba upendo huhitaji muda: muda wa kuzungumza bila haraka, wa kusikilizana, wa kupanga mambo pamoja. Nasi wa mashambani tunao muda kidogo sana wa namna hiyo, maana alfajiri ni chai na ng'ombe, na jioni ni kuni na masomo ya watoto. Safari iliyopangwa vizuri huwapa mume na mke sababu ya kuketi. Kwa maoni yetu hata kama safari yenyewe ingeahirishwa, jioni zile za kuipanga zimeshaleta faida yake nyumbani.

Hebu sasa tuifungue Injili ya Luka, sura ya pili, kuanzia aya ya 41. Watu wengi huisoma habari ile kama habari ya Yesu hekaluni. Isomeni leo kama habari ya mume na mke walio safarini. Yosefu na Maria walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Sikukuu ya Pasaka. Kutoka Nazareti ni zaidi ya kilomita 100, na waliokwenda kwa miguu walitumia siku kadhaa. Basi hawakuwa matajiri, lakini walikuwa na safari yao ya mwaka, waliyoizoea, na walisafiri pamoja na ndugu na watu wa kwao. Mtoto alipofikisha miaka 12, wakati wa kurudi, alibaki nyuma, na wazazi wakatembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo kwenye msafara. Hata nyumba takatifu kuliko zote ilipata tatizo ambalo kila mzazi aliyeteremka stejini na watoto watano analijua: kila mtu alidhani mtoto yuko na mwingine.

Kisha angalieni walivyofanya. Walirudi wote wawili. Hatusomi kwamba Yosefu alimwambia Maria, "Wewe ndiye mama, ulikuwa unaangalia nini?" Walitafuta pamoja mpaka siku ya tatu. Na walipompata, Maria alisema kwa niaba ya wote wawili, akimtaja baba wa mtoto pamoja naye katika uchungu ule. Ni wangapi kati yetu, mzigo ukipotea au mtoto akitapika ndani ya gari, tunasema "sisi"? Wengi tunasema "wewe".

Tuje sasa kwenye fedha, maana hapo ndipo safari nyingi hufia. Kosa la kwanza ni kupanga safari juu ya bonasi ambayo haijaonekana. Upande wetu huu wa magharibi ya Bonde la Ufa bonasi imekuwa ndogo kuliko ile ya mashamba yanayozunguka Mlima Kenya, na mwaka 2025 wakulima wengi wa Kisii na Nyamira walilalamika sana walipoona kilichoingia. Mtu aliyekopa mapema kwa matumaini ya bonasi alijikuta na deni, hana safari, na mke wa kumweleza. Kosa la pili ni kusahau Januari. Fedha za Oktoba zinaonekana nyingi kwa sababu shule zinakaribia kufungwa, lakini ada na sare za Januari ziko mlangoni zinabisha. Safari ikila ada ya mtoto, mtoto huyo ataikumbuka kwa uchungu.

Njia iliyo nyepesi ni kuanza miezi minane au tisa kabla, kwa fedha ndogo sana, na kila mmoja wenu awe na chake anachotoa. Mama aweke fedha za mayai, baba aweke faida ya mkungu mmoja wa ndizi katika kila kumi. Watoto nao waambiwe. Mtoto anayejua kwamba soda anayoikosa leo inakwenda kwenye nauli yake hujiona mtu mzima. Na hizo fedha ziwekwe mahali ambapo wote wawili wanaweza kuziona. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha za nyumba nyingi zimehamia kwenye simu ya mtu mmoja, yenye namba ya siri anayoijua yeye pekee. Hatusemi kwamba simu ni mbaya. Twasema kwamba fedha za safari ya wote zisikae gizani. Kila mwisho wa mwezi, semeni wazi kiasi kilichofika, na kama mmoja wenu alilazimika kuchukua kidogo kwa ajili ya dawa, aseme siku ile ile.

Kisha pigeni hesabu kamili. Wengi huhesabu nauli ya kwenda. Hesabuni na ya kurudi, na chakula cha njiani, na maji, na sadaka, na nauli ya pikipiki kutoka stejini hadi nyumbani usiku ukiwakuta, na akiba ya mtoto kuugua. Mkiona jumla imewashinda, msiivunje safari, ifupisheni.

Kwa maana si lazima kwenda mbali. Mkiwa Ikonge mna Kericho karibu, na pale pana Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililotabarukiwa mwezi wa Mei mwaka 2015, lenye nafasi ya waumini wapatao 1,500. Paa lake huinuka taratibu kutoka mlangoni kuelekea altareni, na mbao zilizopangwa kwa ndani huwafanya watoto wakae kimya bila kuambiwa. Misa ya Jumapili pale, chakula mlichobeba wenyewe, kutembea kidogo mkiangalia mashamba makubwa ya chai ili mwone tofauti na vipande vyetu, na jioni mko nyumbani. Au teremkeni Kisii mfike Nyabururu, ambako mapadre wa Mill Hill walianzisha misheni mwaka 1911. Waelezeni watoto kwamba imani waliyobatizwa ndani yake ilifika kwetu kwa njia ile. Kutoka hapo mnaweza kwenda Tabaka kuona mafundi wa mawe laini wakichonga. Wako watoto wetu waliomaliza shule bila kuona jinsi lile jiwe linalouzwa kwa wageni huko ng'ambo linavyochimbwa kwa watu wa kwao. Kisumu nako, kwenda na kurudi siku moja inawezekana mkitoka alfajiri, na mtoto aliyezaliwa mlimani akiliona ziwa kwa mara ya kwanza atawauliza maswali mpaka mfike nyumbani.

Subukia ni habari nyingine. Mahali pale, Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, ndipo penye hija ya taifa letu, katika Jimbo la Nakuru, na kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba Maaskofu huwakusanya waamini wa nchi nzima kwa siku ya maombi. Watu hupanda kilima hadi kwenye chemchemi, huteka maji na kuyabeba nyumbani. Wanaotaka kwenda siku ile wakumbuke mambo mawili. La kwanza, bonasi mara nyingi huwa haijafika wakati huo, kwa hiyo anayeingojea atabaki akisikiliza maombi redioni. La pili, kule ni nyanda za juu, usiku ni baridi kali, na wengi hukesha. Blanketi moja kwa watoto watatu haitoshi. Lakini hakuna sheria inayosema lazima muende siku ya umati. Familia yenye watoto wadogo itasali vizuri zaidi ikienda siku ya kawaida wakati wa likizo ya Aprili au Agosti, pasipo msongamano. Wenye mtoto mjini Nairobi, wakienda kumtembelea, wanaweza kufika Bustani ya Ufufuko kule Karen, analolala Kardinali Maurice Otunga, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Jimbo letu la Kisii tangu mwaka 1960 kabla ya kuhamia Nairobi. Wazee wengi wa kwetu walipokea Kipaimara mikononi mwake. Na wale wanaotamani Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni, mtu mzima huvuka mpaka kwa kitambulisho chake, lakini habari za karatasi za watoto ziulizwe ofisi ya Uhamiaji mapema, si mpakani.

Mkiwa safarini siku ya Jumapili, Misa isisahauliwe. Sheria ya Kanisa huruhusu wajibu wa Jumapili utimizwe hata katika Misa ya Jumamosi jioni, kwa hiyo kisingizio cha kuwahi gari ya asubuhi hakina nguvu.

Swali linalowafunga wengi ni hili: chai itachumwa na nani, na ng'ombe atakamuliwa na nani? Ni swali la haki. Majani yakikomaa kiwanda hukataa, maana kinataka majani mawili na kichipukizi. Wazee wetu walikuwa na egesangio, kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, na sioni kwa nini mpango ule usitumike kwa safari. Nyinyi mkienda wiki hii, jirani wa Jumuiya achume mzunguko wenu na kukamua, naye akienda mwezi ujao mfanye vivyo hivyo. Wapo walioona haya kuomba jambo hilo eti wataonekana wanajivuna. Jirani anayekuja kukuchimbia kaburi bila kuulizwa, mbona atashindwa kukukamulia ng'ombe siku mbili?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vya ndoa vya kutoka mbali havilizungumzi, nalo ndilo huvunja safari nyingi za Wagusii: kulala. Tunayo ensoni, ile heshima yenye haya kati ya wazazi na watoto waliooa, na kati ya wakwe. Kwa desturi baba haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa, na wako wazee ambao hata kizingiti cha nyumba yake hawavuki. Mkwe wa kiume na mama mkwe hukaa mbalimbali, na mkwe huyo halali nyumbani kwa wakwe zake. Nyumbani jambo hili halina shida, kwa kuwa kila mwana ana nyumba yake na shamba ni la kutosha kupitishana. Lakini mwana akiwa Kawangware katika chumba kimoja chenye pazia katikati, na baba na mama wakamwandikia kwamba wanakuja kuona wajukuu kwa wiki moja, mtihani umeanza.

Tumeona yakifanyika mambo ya namna mbili yasiyofaa. Wengine huwapokea wazazi chumbani humo humo, mzee akaketi usiku kucha kwenye kiti akidai kwamba hana usingizi, mkaza mwana akashindwa hata kupika kwa haya, na asubuhi mzee akadai amekumbuka mkutano nyumbani. Wengine huwazuia wazazi wasije kabisa, wala hawasemi sababu, na mzee anabaki akijua moyoni kwamba mke wa mwanawe hamtaki. Hivyo lawama humwangukia mwanamke ambaye hakusema neno lolote.

Mume na mke wenye busara huzungumza habari hiyo kabla ya kumjibu mzee. Je, kuna ndugu au mtu wa ukoo karibu, ambaye nyumba yake mzee anaweza kulala bila kuvunja heshima? Parokia jirani ina nyumba ya wageni? Chumba cha kukodi cha usiku mbili tatu kitagharimu kiasi gani, na je, tupunguze siku ili fedha zitoshe? Kisha ni mume mwenyewe amweleze baba yake kwa kinywa chake: "Baba, utakula kwetu na wajukuu mchana kutwa, na pa kulala tumekuandalia kwa fulani." Mzee ataelewa mara moja, na atafurahi kwamba mwanawe aliyekwenda mjini hajasahau. Kazi hiyo asiachiwe mke. Na kwa upande wa wakwe, ikiwa mnakwenda kwa wazazi wa mama, pangeni kwenda na kurudi, au baba alale kwa shemeji yake aliye na nyumba yake mwenyewe, wakati mama na watoto wanabaki na bibi. Ensoni si kizuizi cha kutembeleana. Ni jambo la kuingizwa kwenye mpango kama vile nauli.

Hapo hapo tuseme na hili la kwa nani tuende. Twahesabu katika nyumba nyingi kwamba Krismasi kumi zote zimeliwa kwa wazazi wa baba. Akina mama hawasemi, kwa kuwa waliolewa na ndiyo desturi. Lakini mama yake naye anazeeka, anangoja kwenye mlango wake. Kama Desemba haiwezekani, basi Pasaka iwe ya kwao, au Agosti. Waliokaa Nairobi na miji mingine wajue pia kwamba wiki ile ya Krismasi nauli ya kuja Kisii na Nyamira huweza kupanda hata maradufu, na gari hazitoshi. Anayeweza kuwatanguliza mama na watoto mara shule zinapofungwa, na yeye akafuata, ataokoa fedha na maumivu. Ila asichelewe kufuata mpaka mwaka mpya.

Habari ya usalama tutaisema kwa ufupi, kwa kuwa mnaijua. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, lakini mkanda hauwezi kumfunga abiria asiyetaka. Tarehe 31 Desemba mwaka 2017, alfajiri, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni mwaka 2023 lori liliwavamia watu kwenye makutano ya Londiani, katika barabara ile ile tunayoipita tukitoka Kericho kwenda Nakuru, wakafa zaidi ya 50. Safirini mchana. Msikubali mtoto apakatwe juu ya mtoto ili kuokoa nauli moja. Na dereva akikimbiza gari, baba aseme. Abiria wote wanangoja mtu mmoja wa kusema.

Wahenga walisema msafiri kafiri, na wako waume wanaolishika neno hilo kwa ubaya, kana kwamba viapo vya ndoa hufika Chemosit vikateremka. Huyo wa ndizi tuliyemtaja hatumtuhumu kwa lolote. Lakini mtu anayesafiri peke yake kila mara hujenga maisha mengine huko, hata kama ni ya vicheko na chai tu, na mkewe hana funguo zake. Dawa yake ni kumchukua mke mara moja moja. Amwonyeshe mahali anapolala, amjulishe mama anayempikia Nakuru, amwonyeshe soko anakouzia. Siku ile watakapopita wote, mama atapata sura za watu ambao amewasikia kwa miaka, na baba akisimulia tena, mkewe atauliza, "Na yule mzee wa sufuria, bado ana kikohozi?" Wanandoa wasio na watoto wadogo tena, au wanaoweza kuwaacha kwa bibi usiku mmoja, wasione haya kusafiri wawili tu katika ukumbusho wa ndoa yao. Kuna maneno ambayo hayasemeki ndani ya nyumba yenye watoto sita wanaosikiliza.

Mkisharudi, safari bado nusu. Yule aliyebaki nyumbani, bibi mwenye miguu mibaya, au mtoto aliyekuwa shule ya bweni, anangoja. Jioni ya kwanza baada ya kupumzika, kaeni pamoja naye, na kila mmoja asimulie jambo moja aliloliona, kuanzia mtoto mdogo kabisa. Wakubwa wasimsahihishe. Akisema kwamba kanisa la Kericho lina paa linalofika mbinguni, mwacheni. Kama mlileta maji ya Subukia, bibi ndiye aonjeshwe kwanza. Picha za kwenye simu ni nzuri, ila nyingi hufa na simu. Chapisheni moja au mbili ziwekwe ukutani karibu na picha ya arusi. Wala msizitangaze kwa watu wote mkiwa bado njiani, maana mwizi naye ana simu, na sasa anajua kwamba nyumba haina mtu. Na siku ya Jumuiya, toeni shukrani kwa maneno machache, bila kuwafanya waliokosa nauli wajione maskini.

Usiku, watoto wakishalala, kuna mazungumzo mengine ya wawili. Semeni kila mmoja wapi aliogopa, wapi alimkasirikia mwenzake na kunyamaza, na wapi alifurahi kuwa na mwenzake pale. Baba mmoja anaweza kushangaa kusikia kwamba mkewe hakupendezwa sana na mahali walipokwenda, bali alipendezwa kwamba alimshika mkono wakivuka barabara mbele za watu.

Kwa mazungumzo ya nyumbani wiki hii: Tangu tuoane, tumesafiri sote pamoja mara ngapi, ukiacha matanga? Ni mahali gani ambapo mwenzangu anatamani kuona, na nilijuaje? Fedha za safari yetu ya mwisho zilitoka wapi, na je, wote wawili tulijua? Ni lini mara ya mwisho watoto walilala kwa wazazi wa mama yao? Na mzee akituandikia leo kwamba anakuja kututembelea, atalala wapi?